Q-School ya PGA Tour: Mlango wa Wasio na Jina, na Bei Yake

Michezo ya kulipwa inayomruhusu mtu asiyejulikana kujaza fomu, kulipa ada na kuanza safari ya kuelekea daraja la juu kabisa kwa nguvu za mikono yake ni michache mno. Gofu inaruhusu. Huduma hiyo inaitwa Q-School, mashindano ya kufuzu kuingia PGA Tour, daraja la juu kabisa la gofu ya kulipwa Marekani, na hapa tunaikagua kama unavyokagua gari kabla ya kulinunua: unalipa nini, unaondoka na nini, na linakufia wapi njiani. Hukumu yetu tuitoe mapema. Ni huduma ya haki, maana haiulizi baba yako ni nani wala ulisoma wapi. Lakini mlango wake umefinywa sana kuliko zamani, na wengi wanaoutoka mikono mitupu hawakuangushwa na fimbo.

Ngazi ziko nne. Hatua ya awali ni raundi tatu, mashimo 54. Kisha kuna hatua ya kwanza, ya pili na ya mwisho, kila moja raundi nne, mashimo 72. Anayeanzia chini kabisa na kufika juu atakuwa amecheza raundi 15, mashimo 270, kati ya Septemba na Desemba. Alama hazihami na wewe. Ukimaliza wa kwanza katika hatua ya pili kwa tofauti ya mikwaju minane (mikwaju ni mapigo, na mwenye machache ndiye anayeongoza), Alhamisi ya hatua ya mwisho unaanza sawa na aliyevuka kwa ncha ya kucha. Idadi ya wanaovuka hutegemea walioingia katika uwanja ule, kwa hiyo usipange hesabu zako kwa kutazama matokeo ya uwanja mwingine au ya mwaka jana.

Wapo wanaoruka ngazi. Mwenye rekodi fulani katika Korn Ferry Tour, ambayo ni daraja la pili, au aliyefanya vizuri chuoni kupitia mpango wa PGA Tour University, huanzia hatua ya pili au hata ya mwisho. Vijana wetu walio vyuoni Marekani kwa ufadhili wa gofu waliangalie hili kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Nafasi nzuri katika orodha ile inakuokolea wiki mbili za mashindano na gharama zake zote, na anayemaliza nambari moja hapewi ngazi ya kupanda hata moja: anaingia PGA Tour moja kwa moja.

Sasa unachopata. Mwaka 1965, Q-School ya kwanza ilipochezwa Florida, kadi za uanachama zilikuwa 17, na John Schlee ndiye aliyeongoza. Baadaye kuna miaka zilizidi 30. Kuanzia 2013 hadi 2022 hazikuwepo kabisa: ukishinda Q-School ulipelekwa daraja la pili, basi. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2023 kwa watano wa juu pamoja na waliofungana nao, na ndiyo maana mwaka 2024 waliingia sita. Kuanzia 2025 wanaofungana hawabebwi tena. Ni watano tu, na kama watu wawili wamelingana nafasi ya tano, wanarudi uwanjani kuamua kwa shimo la ziada. Hapa ndipo tunapoilaumu huduma hii bila kumumunya maneno. Mtu amecheza mashimo 72 sawasawa na mwenzake, upepo uleule, grini (nyasi fupi zenye shimo) zilezile, halafu kazi ya mwaka mzima inaamuliwa na shimo moja.

Wanaofuata, 40 na waliofungana nao, hupata mashindano ya uhakika katika Korn Ferry Tour mwanzoni mwa msimu. Waliobaki katika hatua ya mwisho hupata uanachama wa masharti, maana yake unasubiri simu. Watu hudharau nafasi hizi 40. Tunaona wamekosea. Mashindano ya uhakika yanakuwezesha kukata tiketi za ndege mapema, kutafuta kedi (mbeba fimbo) wa kudumu na kumwonyesha mfadhili ratiba iliyoandikwa. Hicho ndicho kitu ambacho mchezaji masikini hukikosa kuliko kipaji.

Na kadi yenyewe ya PGA Tour? Isomwe kwa makini. Kuanzia msimu wa 2026 wanaobakiza uanachama kamili kwa pointi wamepunguzwa kutoka 125 hadi 100, na idadi ya wachezaji katika mashindano mengi imeshushwa kutoka 156 hadi 144 au chini ya hapo, kulingana na urefu wa mchana. Anayetoka Q-School yuko chini katika foleni ya kuingia. Mashindano makubwa yenye mfuko wa dola milioni 20 hayamhusu mpaka ajipenyeze kwa matokeo. Na foleni hupangwa upya kadiri msimu unavyokwenda, kwa hiyo wiki zake za mwanzo ndizo zinazobeba mwaka wote. Anayeingia Januari akiwa amechoka na Desemba anaanza kushuka kabla hajaanza kupanda.

Tuje kwenye pesa. Ada ya kuingia ni maelfu ya dola, na anayeanzia mbali zaidi hulipa zaidi kuliko anayeanzia hatua za juu. Ukishindwa, hairudi. Lakini ada ni sehemu ndogo ya mzigo. Kila hatua inadai angalau usiku sita au saba: siku mbili za mazoezi ya uwanja, siku nne za mashindano, na usiku mmoja wa akiba kwa ajili ya mvua na radi. Usiku wa akiba ndio unaosahaulika zaidi. Radi ikipita karibu mchezo husimamishwa, raundi inasogea hadi asubuhi inayofuata, na mwenye tiketi ya ndege isiyobadilishwa anaanza kucheza mashimo yake ya mwisho huku akihesabu saa. Weka pia malipo ya kedi, gari la kukodi, mipira, glavu na vishikio vipya vya fimbo. Kuna pia gharama isiyoandikwa popote: miezi minne bila kipato kingine.

Kwa hiyo hesabu tunayoshauri ni hii. Chukua gharama ya kufika hatua ya mwisho, yaani hatua zote unazotakiwa kucheza, kisha zidisha mara mbili. Kama huna kiasi hicho, usilipe ada mwaka huu. Sababu si uoga. Mtu aliyekuja na pesa za jaribio moja hucheza kila pigo kana kwamba ni kodi ya nyumba, na pigo la namna hiyo halitoki laini. Mac O'Grady alijaribu mara 17 kabla ya kupata kadi yake mwaka 1982. Mwaka 1986 alishinda Greater Hartford Open. Katika kipindi kile kuna miaka ambayo Q-School ilifanyika mara mbili, ndiyo maana majaribio yalifika idadi hiyo. Leo ni mara moja tu. Ukianguka Septemba unasubiri miezi 12, na ni miezi hiyo inayomaliza watu, si ile raundi mbaya.

Tuingie jikoni kwenyewe, mahali huduma hii inapokata watu.

Kwanza, kadi ya alama. Mwaka 1999 Jaxon Brigman alicheza raundi ya mwisho kwa mikwaju 65, alama iliyotosha kabisa kumpa uanachama. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia alikosea shimo moja, akaweka pigo moja zaidi. Brigman akatia saini bila kuliona. Kanuni ikasema, na mpaka leo inasema hivyohivyo: ukitia saini alama ya juu kuliko uliyocheza, hiyo ya juu ndiyo yako. Kadi ikasoma 66, akakosa kwa mkwaju mmoja. Ukitia saini alama ya chini kuliko uliyocheza, kwa kawaida unaondolewa mashindanoni kabisa.

Namna ya kujikinga ni rahisi na haifuatwi. Hesabu ya jumla si kazi yako, ni ya kamati. Kazi yako ni alama ya kila shimo. Ukifika kwenye hema la kukabidhi kadi, usitazame jumla. Mwambie mwenzako akusomee shimo moja baada ya jingine, wewe ukifuatisha kwa kidole kwenye alama zako mwenyewe ulizoandika pembeni. Shimo la kwanza nne, la pili tano, la tatu tatu. Mkifika la 18, rudieni kuanzia nyuma. Kurudia kinyumenyume kunakamata kosa ambalo jicho lililochoka limelizoea. Ukikuta alama yenye shaka, usibishane kwa kumbukumbu: mweleze mwamuzi mapigo yako moja moja, fimbo gani na mpira uliangukia wapi. Saini ije mwisho, na usitoke eneo lile mpaka umeridhika, maana ukishatoka kadi imekwisha kuwa kadi.

Pili, mpira. Kisa cha J.P. Hayes cha mwaka 2008 kingefaa kubandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo. Hayes hakuwa mchanga, alikwisha kushinda PGA Tour mara mbili. Katika hatua ya pili huko Texas kedi wake alimtupia mpira kutoka kwenye begi, naye akaupiga. Baadaye kidogo akagundua kwamba si wa aina aliyoanza nayo, akajitoza adhabu ya mikwaju miwili na kuendelea. Siku iliyofuata, akiwa hotelini, ikamjia kwamba mpira ule huenda ulikuwa wa majaribio, aliopewa na kampuni wiki kadhaa nyuma, na haukuwa kwenye orodha ya mipira iliyoidhinishwa. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Alimpigia simu mwamuzi mwenyewe. Akaondolewa. Tunaheshimu jambo hilo kwa moyo wote, na tunasema pia kwamba lingezuilika kwa dakika tano za kumwaga begi sakafuni.

Fanya hivi usiku wa kuamkia kila hatua: toa kila kitu begini, pamoja na mifuko midogo ya pembeni ambako mipira ya zamani hujificha. Bakiza aina moja tu, chapa moja, modeli moja. Linganisha maandishi ya ubavuni na orodha ya R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu, herufi kwa herufi pamoja na mishale na vistari, kwa sababu mipira miwili yenye jina moja hutofautishwa na alama hizo. Orodha ile hubadilishwa kila mwezi, kwa hiyo ya Septemba isikutoshe Desemba. Hesabu fimbo pia. Mwisho ni 14, na ya 15 inakugharimu mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nayo, isizidi minne kwa raundi. Ian Woosnam, huyohuyo aliyeshinda Kenya Open mwaka 1986, alikutwa na draiva (fimbo ya mapigo marefu zaidi) ya ziada begini katika raundi ya mwisho ya The Open, mashindano makuu ya Uingereza, mwaka 2001, akiwa amelingana na walioongoza. Ikimtokea yeye, wewe ni nani usihesabu.

Draiva nayo ina mtego wake. Uso wake hupimwa kwa muda ambao chuma hugusana nao: maikrosekunde 239, na nyongeza inayovumiliwa ni 18. Tatizo ni kwamba uso hulegea kadiri unavyopigwa. Draiva iliyopita mtihani ikiwa mpya inaweza kushindwa baada ya msimu mmoja wa mtu mwenye nguvu, naye akawa hajafanya kosa lolote. Anayenunua draiva ya mitumba iliyotumiwa na mchezaji wa kulipwa alijue hilo. Aipeleke ikapimwe mahali penye kifaa, au anunue kichwa kipya na kubakiza mpini wa zamani.

Tatu, bahati mbaya, ambayo haina kinga. Mwaka 2000, California, Joe Daley alipiga mpira wa futi nne hivi kwenye shimo la 17 la raundi ya nne. Mpira ukaingia kikombeni, ukagonga ndani, ukaruka nje. Kanuni haina huruma hapa: mpira umeingia pale tu unapotulia ndani ya shimo. Daley alikosa kadi kwa mkwaju mmoja. Miaka 12 baadaye alishinda Senior Players Championship, moja ya mashindano makuu ya wenye umri wa miaka 50 na zaidi.

Uwanja wa mwisho. Tangu 2023 hatua ya mwisho huchezwa Ponte Vedra Beach, Florida, katika viwanja viwili: Dye's Valley wa TPC Sawgrass, na Sawgrass Country Club, uliokuwa nyumba ya The Players Championship kati ya 1977 na 1981. Desemba kule si joto unaloliwazia ukisikia Florida. Asubuhi ni baridi, upepo wa Atlantiki unakata, na maji yako kila upande. Mwenye kuzoea Nairobi ana marekebisho mawili ya lazima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupeleka mpira mbali zaidi kwa takriban asilimia 6. Fimbo inayokupa yadi 160 katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi, itakupa kama 150 pale, na baridi itapunguza tena. Usifanye hesabu hiyo kichwani ukiwa juu ya mpira. Andika jedwali jipya la fimbo zako zote siku ya kwanza ya mazoezi. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa hana shida hii, na ni faida asiyojua kwamba anayo.

Marekebisho ya pili ni nyasi. Kikuyu ya nyanda za juu hubeba mpira juu kama mto wa kitanda, ukaupiga hata kwa fimbo iliyochelewa kidogo. Bermuda ya Florida hukamata. Katika nyasi ndefu huuzamisha mpira, na karibu na grini ncha zake hulalia upande mmoja na kuushika uso wa fimbo. Pigo fupi linalokwenda kinyume na ulalo huo hufa nusu ya njia. Tazama ukingo wa shimo: upande uliokauka na kuchakaa ndiko nyasi zinakoelekea. Siku zako mbili za mazoezi zimalizie hapo, kwenye mapigo ya yadi 30 kurudi ndani. Draiva utakuwa umeifahamu tangu nyumbani.

Kwa mwenye ulemavu, jina la kujua ni Casey Martin. Mwaka 1997 sheria za Q-School ziliruhusu kigari katika hatua mbili za kwanza na kukikataza katika ya tatu. Martin, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa na maradhi ya mishipa yaliyofanya kila hatua kuwa maumivu, alikwenda mahakamani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki kwa kura 7 dhidi ya 2. Anayehitaji kigari aombe kwa maandishi mapema, na aambatanishe vyeti vya daktari pamoja na fomu, asingoje kufika uwanjani.

Nani aende, basi? Aende anayecheza chini ya 70 mara kwa mara katika viwanja vigeni, asivyovilalia kila siku. Kupiga 66 kwenye uwanja uliokulia ukibeba mabegi hakukuambii kitu. Ukijua kila mteremko wa grini tangu utoto, alama ile si ya fimbo peke yake. Cheza viwanja vitano usivyovijua, raundi nne mfululizo kila kimoja, uhesabu kila pigo. Wastani wako wa siku ya nne ndio unaokueleza. Aende pia aliyekwisha kuwa ndani akatoka. Lanto Griffin alishinda Houston Open mwaka 2019, akapasuliwa mgongo mwaka 2022, akapoteza nafasi yake, kisha mwaka 2024 akamaliza wa kwanza Q-School. Hayden Springer alicheza hatua ya mwisho ya 2023 wiki chache tu baada ya kumzika binti yake wa miaka mitatu, akapata kadi, na Julai 2024 akapiga raundi ya mikwaju 59 katika John Deere Classic. Tunapoona majina hayo kwenye ubao ndipo tunapokubali kwamba huduma hii, pamoja na ufinyu wake wote, lazima iendelee kuwepo.

Mchezaji wa kulipwa aliyeko Afrika Mashariki na hana makazi Marekani, tunamshauri asianzie hapa. Mlango ulio karibu ni Sunshine Tour ya Afrika Kusini, yenye mashindano yake ya kufuzu, na Kenya Open, ambayo tangu 2019 iko katika ratiba ya daraja la juu la Ulaya na hutenga nafasi kwa wachezaji wa kulipwa wa nyumbani. Safari ni fupi, nauli ni nafuu, na ukianguka unarudi kujaribu tena bila kuanza na foleni ya viza.

Ukiamua kwenda, isome fomu ya mwaka huohuo mstari kwa mstari, kwa maana idadi ya kadi na misamaha ya ngazi hubadilika. Tazama kwanza tarehe ya mwisho ya kujitoa, ndiyo itakayokuambia mpaka lini unaweza kubadili mawazo na ada ikarudi. Iandike kwenye kalenda kabla hujalipa.